Mdiria anayegeuka doa

Ndugu yangu wa Mikindani, umeuliza kwa nini ikoni ya ndege mdiria uliyemchora kwa Inkscape, programu ya kuchorea, inageuka doa ikipunguzwa. Tatizo ni manyoya. Usichore unyoya mmoja mmoja. Anza na umbo la nje tu, lijaze nyeusi, ulitazame kwa pikseli 32. Asipojulikana hapo, rangi hazitamwokoa. Mdiria ni kichwa kikubwa, mdomo mrefu ulionyooka, miguu mifupi. Una bahati, mikoko iko jirani: nenda ukamwangalie anavyokaa tawini kabla hujagusa kompyuta tena. Nodi, yaani vitone vinavyoshika mstari wa umbo, ziwe chache, mikunjo italainika. Halafu mpito wa rangi, yaani rangi moja ikiingia nyingine polepole: mwanga mgongoni, kivuli tumboni. Kitone cheupe jichoni usikisahau kabisa, ndicho kinachompa uhai. Hifadhi kwa SVG, aina ya faili ya picha isiyopoteza ukali ikikuzwa.