Kuhusu kibwagizo kilichokatika katika shairi la ngoma

Ndugu, umeuliza kama mshororo wa mwisho wa ubeti wa tatu, unaoishia kwenye ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) wakati beti mbili za mwanzo zina kibwagizo kizima, yaani mshororo unaorudiwa, "Ngoma ikilia shamba, jembe halihisi jua", ni kosa la arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi. Kwa maoni yangu si kosa, bali ndipo penye uhai wa shairi zima.

Umbo lake ni tarbia ya kawaida (mishororo minne kwa kila ubeti), yenye mizani, yaani silabi, nane kwa nane katika kila mshororo, na vina vyake havina tatizo. Ila zingatia kwamba mtunzi anaizungumzia Bugobogobo, ngoma ya Wasukuma iliyofungamana na kilimo cha pamoja, ambayo wachezaji wake hurusha majembe juu na kuyadaka kwa kufuata mdundo; ukienda kuitazama pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, utaona kuwa jembe likiwa hewani ngoma haisimami. Vivyo hivyo, anapoandika "Ngoma ikilia shamba" na kunyamaza, msomaji aliyekwisha kukisikia kibwagizo mara mbili huimalizia mwenyewe ile mizani nane iliyobaki, kama waitikiaji wanavyompokea manju, kiongozi wa wimbo. Kwa hiyo ukimya ule una mapigo yake, na maana inatimia kwa msomaji kuingia kazini pamoja na wengine.

Kibwagizo hicho kilichokatika usikiite msuko, kwa kuwa katika msuko kiishio (mshororo wa mwisho wa ubeti) hufupishwa tangu ubeti wa kwanza. Kiite ukiushi wa makusudi, yaani uvunjaji wa kanuni kwa kukusudia, kisha utetee hoja yako kwa kuonyesha jinsi ubeti wa nne unavyokirudisha kibwagizo kikiwa kizima.