Manic Street Preachers walipaswa kuvunja bendi 1995? Jibu langu ni hapana

Mkuu mleta uzi, umesema bendi hii ya roki ya Wales ilikufa Februari 1995 siku Richey Edwards, mmoja wa wanne wake, alipopotea, na kwamba yote yaliyofuata ni watu watatu kula kwa jina la mwenzao. Mdau mwingine hapo juu kauliza aanze na albamu ipi. Nitajibu yote mawili, ila mnivumilie, nina mengi. Naishi Newport, kusini mwa Wales, si mbali na Blackwood walikotoka hawa jamaa, na wikiendi napiga gita kwenye kibendi cha mtaani. Huku usipojua angalau nyimbo zao mbili, baa hazikuiti tena.

Kwanza tuelewane nani alikuwa anafanya nini, maana hapo ndipo hoja yako inapoyumba. Wote wanne walikulia Blackwood na kusoma sekondari moja, ya Oakdale. James Dean Bradfield anaimba na kupiga gita la solo. Sean Moore, binamu yake aliyelelewa naye nyumba moja, yuko kwenye dramu na tarumbeta. Nicky Wire anapiga besi. Bendi ilianza 1986; Richey aliingia baadaye, 1989, baada ya kuwa anawaendeshea gari na kuwabebea vyombo, na gita alikuwa halijui. Sitanii. Alisimama nalo jukwaani akapendeza, lakini studioni kazi yote ya gita ilikuwa ya Bradfield. Yeye alikuwa mtu wa maneno. Richey na Wire, ambao wote walisoma Chuo Kikuu cha Swansea, waliandika mashairi. Bradfield na Moore wakayatafutia muziki.

Aliyekulia kwenye taarab haoni ajabu hapo, maana mtunzi wa shairi ni mmoja na mwenye kulitia sauti ni mwingine. Tofauti ni kwamba mshairi wa taarab anahesabu mizani. Richey hakuhesabu chochote. Sikilizeni The Holy Bible ya 1994, ambayo sehemu kubwa ya maneno ni yake: sentensi zinakatwa katikati, majina ya wanasiasa yanarundikwa, kila neno lina ncha. Kibendi chetu kiliwahi kujaribu Faster, wimbo wa albamu hiyo. Gita lenyewe linafundishika, ukikaa nalo jioni kadhaa unalipata. Shida ni pumzi. Mwimbaji wetu ni mzaliwa wa mabonde ya huku, ana kifua cha kwaya, lakini beti la pili lilimmaliza kabla hajafika kwenye kiitikio, kwa sababu hakuna mahali pa kuvuta hewa. Richey hakuacha nafasi. Bradfield anayaimba yale yote huku anapiga gita. Kwa hiyo ukisema Richey ndiye aliyekuwa bendi, unamdhulumu fundi aliyegeuza maandishi yasiyoimbika kuwa nyimbo.

Halafu kuna suala la walikotoka. Mgomo mkubwa wa wachimba makaa ya mawe wa 1984 hadi 1985, ule ambao serikali ya Margaret Thatcher iliushinda, uliwakuta na miaka 15, 16. Mgodi wa Oakdale ulifungwa 1989. Ukitaka kuona kilichokuwepo kabla ya hapo, nenda makumbusho ya St Fagans pale nje kidogo ya Cardiff, kuingia ni bure. Jumba la wafanyakazi la Oakdale, lililojengwa 1917, lilibomolewa na kujengwa upya pale. Ndani kuna chumba cha kusomea na ukumbi. Majumba ya namna hii yalijengwa kwa senti zilizokatwa kwenye mishahara ya wachimbaji wenyewe. Nilipoingia mle nilielewa kwa nini bendi ya roki inapachika nukuu za waandishi kwenye majalada ya albamu zake. Kwao kitabu hakikuwa anasa ya wasomi.

Miaka ya mwanzo naipitia haraka. Walijitapa kwamba albamu ya kwanza itauza nakala milioni 16 kisha wavunje bendi. Generation Terrorists ikatoka 1992, nyimbo 18, ikafika nafasi ya 13 Uingereza, na bendi haikuvunjika. Kisa cha Norwich cha Mei 1991, Richey kujichanja mkono kwa wembe mbele ya mwandishi wa habari aliyetilia shaka ukweli wao, kimeandikwa mno, na naona kimemfanya mgonjwa aonekane kivutio. Tuliache hapo.

Kuhusu 1995 yenyewe. Tarehe 1 Februari, siku aliyopaswa kupanda ndege na Bradfield kwenda Marekani, Richey aliondoka hotelini London na hakuonekana tena. Siku kadhaa baadaye gari lake lilikutwa kwenye kituo cha mapumziko karibu na daraja la Severn. Mwaka 2008 kisheria akahesabiwa kuwa amefariki. Daraja hilo navuka kila nikienda Bristol kwa njia ya zamani, na watu wa huku hawalitaji kwa habari hiyo, wala hawapendi wageni wanaokuja kulipiga picha. Ana familia. Nadharia mlizoziweka ukurasa wa kwanza wa uzi huu, za nani kamwona kisiwa gani, mimi sizigusi.

Wale watatu hawakuendelea kama wezi. Walipata kwanza baraka za familia yake. Na albamu iliyofuata, Everything Must Go ya 1996, ina nyimbo tano zenye maneno ya Richey, mengine yake peke yake, mengine na Wire. Mojawapo inatuhusu Waafrika moja kwa moja: Kevin Carter. Huyo ni mpiga picha wa Afrika Kusini aliyeshinda tuzo ya Pulitzer 1994 kwa ile picha ya mtoto na tai, aliyoipiga Sudan wakati wa njaa ya 1993, kisha akajiua miezi michache baada ya tuzo. Wimbo una tarumbeta ya Sean Moore katikati, tamu kiasi kwamba ukiwa huna habari ya maneno unaweza kuucheza harusini. Yaani shairi la mtu aliyepotea, juu ya mtu aliyejiua, likaingia kumi bora za Uingereza. Hicho ndicho unachokiita kula kwa jina?

Lakini wimbo ulioikoa bendi ni A Design for Life, na maneno yake ni ya Wire. Alimpelekea Bradfield mashairi mawili, Bradfield akayaunganisha kuwa moja. Unaanza na gita linalodonoa nyuzi moja moja kwa mapigo ya tatu-tatu, halafu ala za nyuzi zinapanda taratibu hadi kiitikio kinalipuka. Mstari wa kwanza unazisifu maktaba. Inasemwa chanzo chake ni maandishi yaliyochongwa juu ya mlango wa iliyokuwa maktaba ya Pillgwenlly, kwamba maarifa ni nguvu. Pillgwenlly, au Pill kama tunavyoiita, ni mtaa wa karibu na bandari hapa hapa Newport. Wageni wengi tumeanzia maisha huko, Wasomali, Wayemeni, Wapakistani, na mimi pia.

Kinachochekesha ni kwamba wimbo huo huku ni wa kulewea. Kiitikio kinazungumzia kunywa, ila kwa kejeli: ni namna wenye nacho wanavyomwona mfanyakazi, kwamba kazi yake ni pombe tu. Tukiupiga Jumamosi, baa nzima inashikana mabega, bia zinamwagika, kila mtu anaimba kejeli ile kana kwamba ni ahadi. Zamani ilinikera. Siku hizi naona bendi yenyewe ilijua itakuwa hivyo ikaupenda hivyo hivyo. Ulifika namba 2, na mwaka uliofuata wakachukua tuzo za Brit, tuzo kubwa za muziki Uingereza, za bendi bora na albamu bora. Mwaka 1999 wakazichukua zote mbili tena.

Katikati ya hapo, 1998, wakapata namba moja kwa wimbo kuhusu watu wa Wales waliokwenda kupigana na mafashisti Hispania. Jina la albamu yenye wimbo huo, This Is My Truth Tell Me Yours, walilitoa kwa Aneurin Bevan, mchimba makaa wa Tredegar aliyekuja kuwa waziri na kuanzisha huduma ya afya ya bure Uingereza. Februari 2001 wakapiga Havana, Kuba, tiketi senti 25 za Marekani, na Fidel Castro akaja. Walimtahadharisha kwamba kutakuwa na kelele. Akawajibu haziwezi kuzidi za vita. Albamu ya mwaka ule, Know Your Enemy, ni ndefu mno na nusu yake ningeitupa, ila Let Robeson Sing ibaki. Ni juu ya Paul Robeson, mwimbaji Mmarekani Mweusi aliyenyang'anywa pasipoti na serikali ya Marekani, akawaimbia wachimbaji wa Wales kwa simu mwaka 1957 wakiwa wamekusanyika Porthcawl. (Robeson huyo huyo alisoma Kiswahili London miaka ya 1930. Watu wetu hawamzungumzi vya kutosha.)

Lifeblood ya 2004 wengine wanaitetea, mimi inanipita. Kisha 2009 wakafanya jambo ambalo mleta uzi hukulitaja kabisa. Richey, wiki chache kabla ya kupotea, alikuwa amempa Wire faili la mashairi. Machache ya mle yaliingia Everything Must Go, yaliyobaki walikaa nayo miaka 14. Journal for Plague Lovers yote ni maneno ya faili hilo, na Steve Albini, fundi wa kurekodi kutoka Marekani, alikuwa studioni kurekodi. Hawakutoa singo hata moja. Mtu anayekula kwa jina la marehemu angelimaliza faili lile lote 1996, wakati wanunuzi walikuwa wamepanga foleni.

Nimewaona Cardiff, uwanja wa kasri, kiangazi cha 2024 walipozunguka pamoja na bendi ya Suede. Bradfield bado anaruka kwa mguu mmoja akizunguka na gita, umri si huo tena, na upande aliokuwa anasimama Richey hawajaweka mtu. Mwaka 2021 The Ultra Vivid Lament iliwarudisha namba moja ya albamu kwa mara ya kwanza tangu 1998, na 2025 wametoa Critical Thinking.

Sasa wewe uliyeuliza uanze wapi: anza na Everything Must Go, kisha rudi nyuma kwenye The Holy Bible, ila usiisikilize ukiwa na moyo mzito, usiku, peke yako, ile si ya kujiliwazia. Ukiimaliza, nenda Journal for Plague Lovers moja kwa moja. Generation Terrorists chukua Motorcycle Emptiness na nyingine tatu nne, zilizobaki hudaiwi.