Maswali yenu ya porini: bunduki ya mjomba, kichaka kinachotikisika na mbogo alieachwa na damu

Habari zenu wadau. Toka msimu ufunguliwe mwezi wa saba meseji zinaingia kila siku, na safari hii nyingi haziulizi mambo ya leseni wala bei ya risasi, zinauliza kuhusu wenzetu. Mtu kaenda porini na watu anaowaheshimu, karudi na hofu moyoni na hajui amwambie nani. Nimechukua chache, majina nimeyatoa.

Shkamoo mzee. Nawinda na mjomba wangu huku Manyoni, yeye ndo mwenye leseni na ndo alienifundisha. Tatizo bunduki anaiingiza kwenye Landkruza ikiwa imekokiwa kabisa, anailaza katikati ya siti, mtutu unaangalia miguu yetu sisi tulioko nyuma. Nikimwambia ataona nimemkosea adabu. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara tatu maana lilinikuta mimi mwenyewe. Nikiwa bado kijana wa kubebeshwa maji tulikuwa watano kwenye gari, tunakatisha mbuga, gurudumu likaingia kwenye shimo la muhanga, bunduki ya mmoja wetu ikalia humohumo ndani. Risasi ilipita kati ya goti langu na goti la jirani yangu ikatoboa sakafu. Nakumbuka vumbi jekundu likipanda kwenye kale katundu, na harufu ya baruti, na masikio yakipiga kelele, alafu hakuna aliesema neno mpaka tunafika kambini. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba wote watano tulikuwa tumeona toka asubuhi kwamba ile bunduki ina risasi chemba, yaani imeshaingia mtutuni tayari kupigwa. Wote. Kila mtu alimwachia mwenzie aseme, na mwenye bunduki alikuwa mkubwa kuliko sisi.

Kwahiyo usinyamaze, ila namna ya kusema ipo. Usimwambie mbele za watu, na usimwambie mkiwa mnafukuzana na mnyama. Mwambie jioni kabla ya safari, mkiwa wawili, na useme ya kwako: "Mjomba, mimi naogopa bunduki ikiwa na risasi ndani ya gari, naomba kabla hatujapanda nikushikie tuitoe." Mpwa akisema naogopa hajamtukana mtu. Sisi kwenye kundi letu tulimaliza ubishi kwa kuweka desturi, bunduki haipokelewi kwa mkono wa mtu mpaka imefunguliwa na wote wawili wameangalia ndani, awe mzee awe mtoto, na kabla ya kupanda gari, kuvuka korongo au kupanda mti risasi inatoka chemba. Ikishakuwa desturi ya kundi hakuna anaejiona amesemwa yeye.

Atakwambia sefti imefungwa. Sefti ni chuma, na chuma kinalika, tena hizi bunduki zetu nyingi zimerithiwa baba kwa mtoto. Na akikataa kabisa, mwanangu, usipande hilo gari. Sema tumbo linakuuma ukitaka, ila baki nyumbani.

Kuna jamaa kwenye kundi letu akiona kichaka kinatikisika anafyatua hapohapo, anasema ngiri hasubiri mtu. Mwaka jana kapiga punda wa watu, akalipa wakayamaliza. Wengine wanacheka tu. Mimi sicheki.

Na usicheke. Hebu fikiria ni nani anatikisa vichaka kwenye mapori yetu. Kuna mrina asali ameinama chini ya mzinga, kuna mtoto wa mfugaji anatafuta ndama, kuna mama anakata kuni, mwingine anachuma uyoga baada ya mvua za kwanza. Mapori tengefu, yaani maeneo yaliyotengwa kwa wanyamapori, sio uzio, watu wanapita, wengine wana haki kabisa ya kuwa pale kabla yenu. Huyo punda alikuwa bahati yenu kubwa.

Mnyama unamuona mzima ndo unanyanyua bunduki: kichwa, pembe, bega, na kama ni jike unaangalia ana mtoto au la, maana jike mwenye mtoto haruhusiwi kupigwa. Alafu unaangalia nyuma yake. Hapa ndo wengi wanapolala, kwasababu mtu akishaona swala pala anaona pala tu, dunia yote nyuma inafutika. Risasi ya 30-06, ile ya bunduki kubwa ya kuwindia, ikikosa inaweza kusafiri karibu kilomita 5, hata ile ndogo ya 22 ambayo watu wanaichukulia kama ya kuchezea inafika kilomita 2. Mnyama akisimama juu ya kilima, nyuma yake mbingu tupu, huyo hapigwi hata awe na pembe za namna gani, subiri ashuke ili udongo upokee risasi.

Huyo jamaa mwambieni kama kundi, sio wewe peke yako, na msipeane nafasi ya pili kwenye hili. Mtu aliepiga punda akiamini ni ngiri anaweza kumpiga binadamu akiamini ni ngiri.

Asalaam aleikum. Sisi tukiangusha swala kuna mashindano ya kuwahi kuchinja kabla hajakata roho, vijana wanakimbia na visu huku bunduki bado ziko begani zinaelekea kulekule. Mimi ndo mwenye kisu mara nyingi. Ni salama?

Waaleikum salaam kaka. Sio salama, na naona watu wachache wanaliongelea kwasababu nia yake ni njema, kila mtu anataka nyama iliwe na wote. Hukumu ya mnyama aliefikiwa ameshakufa muulizeni shehe wenu mapema, nyumbani, kabla ya safari, ili mkiwa porini kisu kisikimbie kwa wasiwasi. Swali hilo ni la zamani, wanazuoni wameliongelea sana, hautakuwa wa kwanza kuuliza.

Kwa upande wa bunduki ni hivi: mchinjaji haondoki mpaka mpigaji ametamka. Kwetu mpigaji anafungua bunduki, anatoa risasi, anainua mkono anasema "nenda", basi. Sekunde kumi hazizidi. Na wewe ukienda usimfuate kwa mbele wala miguuni, pitia upande wa mgongo, maana pala aliepigwa anaweza kusimama ghafla na pembe zile zikaingia popote. Nimemshona kijana paja kwa uzi wa kushonea magunia kwasababu ya kwato la kuro aliedhaniwa ameshakufa. Kwato moja tu. Tulimbeba masaa manne mpaka barabarani.

Kupiga ukiwa juu ya gari, au usiku kwa tochi kubwa, kuna shida gani kama una leseni?

Leseni haikupi hayo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa gari, inakataza taa, na risasi hairuhusiwi kupigwa ukiwa ndani ya mita 200 kutoka kwenye gari, vilevile kuvizia kwenye maji ya kudumu au sehemu wanyama wanapolamba chumvi, pale uwe mita 500 mbali. Usiku tochi inakuonesha macho mawili yanang'aa. Na ng'ombe ana macho yanang'aa, na mbwa wa mfugaji anae lala pembeni ya bwana wake ana macho yanang'aa.

Mimi sio mwindaji, ni mkulima tu huku bondeni. Wiki mbili nyuma walikuja watu na magari mawili, tukasikia milio mitatu, jioni wakaondoka. Kesho yake watoto wameona damu na nyayo kubwa karibu na kisima, wazee wanasema ni mbogo. Sasa wanawake hatuendi kisimani. Hawa watu wanaruhusiwa kufanya hivi?

Pole sana mama. Hapana, hawaruhusiwi, na nikuombe kwanza kabla ya yote: asiende mtu kwenye hicho kichaka, hata kijana jasiri, hata na mbwa. Mbogo aliejeruhiwa hakimbii akaishia, anaingia kwenye kichaka kizito anasimama, mara nyingine anazunguka anakuja kukaa pembeni ya nyayo zake mwenyewe akiangalia kule alikotokea, na anaemfuata anapitishwa mbele yake bila kujua. Dume zima linafika kilo 700 au zaidi. Hata wawindaji wenye bunduki kubwa za 375 wanaingia pale kwa hatua moja moja huku wamenyamaza.

Mpigie mtendaji wa kijiji leo, amwambie afisa wanyamapori wa wilaya, na kama mna askari wa wanyamapori wa kijiji waelezeni mahali mlipoona damu, saa mliyosikia milio, idadi ya magari, rangi, namba za gari kama kuna alieona. Andikeni kwenye daftari msitegemee kukumbuka. Wawindaji halali wana kibali na huwa wanasindikizwa na askari, kwahiyo wanaweza kufahamika. Sheria inamtaka aliejeruhi mnyama hatari amfuatilie ammalize, na akishindwa atoe taarifa. Maisha ya mtu yako pale kisimani.

Na sasa naongea na nyie wenzangu mliofanya hivi, maana najua kuna watakaosoma. Najua jinsi inavyokuwa, jua linazama, mmechoka, damu imekuwa matone, mmoja anasema "huyo atafia mbele" na wote mnashika neno lake kwasababu mnataka kurudi. Risasi ikishatoka mnyama ni wako, akifa ni wako na akiondoka na maumivu ni wako. Mnasubiri nusu saa atulie, mnafuata taratibu, giza likiingia mnaweka alama pale mlipoishia, mnaenda kijijini USIKU HUOHUO mnagonga kwa mwenyekiti mnasema kuna mbogo ana jeraha upande fulani, watu wasitoke, alfajiri mnarudi. Kama hamna uwezo wa kulala siku ya pili porini basi msipige mbogo jioni. Pigeni kanga mrudi zenu.

Kambini kwetu bia zinafunguliwa saa nane mchana na bado kuna mzunguko wa jioni. Nionekane mlokole?

Onekana. Bia zinafunguliwa bunduki zikishafungwa kwa siku hiyo, zimetolewa risasi na zimehesabiwa. Aliekunywa mchana jioni anabaki kukoka moto, hata kama yeye ndo alinunua mafuta ya gari. Kwenye hili mimi sina mjadala.

Niko Unguja, kusini. Wasasi wanapita na mbwa kumi na tano mpaka ishirini, wanaingia mpaka ugani, kuku wanakwisha, watoto wanakimbia ovyo. Ukisema wanakwambia usasi ni mila. Kweli mila inaruhusu?

Usasi wa mbwa na nyavu Unguja ni wa zamani kweli, na wakulima wenyewe wanawaita wasasi nguruwe na kima wakizidi shambani, hilo tuwape haki yao. Lakini mila hiyohiyo ina mkubwa wa msafara. Nendeni kwa sheha, aitwe mkubwa wao, mkubaliane siku na njia, na wapige kelele za kutoa taarifa kabla ya kufika kwenye makazi. Kuku walipwe. Lingine ambalo limo moyoni mwangu: mbwa hachagui. Yule paa nunga amebaki Unguja na vipande vichache vya misitu ya pwani ya Kenya, kwingine hakuna duniani, na mbwa ishirini waliofunguliwa msituni bila mtu wa kuwaita hawajui huyu ni nguruwe na huyu ni nunga. Msasi wa kweli mbwa wake wanamsikia. Kama hawamsikii asiwafungue.

Nipo Minnesota, nimeanza kwenda kuwinda kulungu na jamaa wa kazini. Huku lazima uvae rangi ya chungwa au ya waridi inayowaka, mimi nimepewa ya chungwa. Huko nyumbani mbona hakuna, na mnyama si anaiona?

Hongera kaka, na uivae. Swala na kulungu macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani, ile chungwa kwao inafifia inakuwa kama rangi ya majani makavu, wanachokiona ni mtikisiko wako. Binadamu yeye anaiona toka mbali. Ndege wanaona rangi vizuri, hapo inabidi utulie zaidi.

Ila isikupe uzembe. Februari 11, 2006 kule Texas, Dick Cheney akiwa makamu wa rais wa Marekani alimpiga marisau, vile vipunje vya risasi ya ndege, mwenzake Harry Whittington, wakili wa miaka 78, usoni, shingoni na kifuani, na huyo mzee alikuwa amevaa kizibao cha chungwa. Walikuwa wanawinda kwale. Whittington alienda kuokota ndege aliemwangusha, akawa anarudi kwenye mstari wa wawindaji kwa nyuma, Cheney akageuka kumfuata ndege anaeruka upande wa jua, akafyatua. Mzee alipona, lakini punje moja ilimsumbua moyo akiwa hospitali. Ukiangalia makosa utaona ni ya kawaida kabisa, mmoja hakutamka kwamba anarudi, mwingine alizungusha mtutu kupita sehemu yake. Kwahiyo kwenye ndege kubalianeni kila mtu upande wake, na ukitoka kwenye mstari ita kwa sauti, ukirudi ita tena.

Huku nyumbani wengi wanavaa kijani au kaki, na wapo wanaopenda zile kombati za madoa ambazo raia hata kuzivaa haruhusiwi. Sisi mwaka jana tulienda sokoni tukanunua vizibao vya bodaboda vya chungwa, sita, ile mikanda inayong'aa tukaifumua kwa wembe. Siku ya kwanza wazee waligoma wakasema tutaonekana kama tunasubiri abiria. Siku ya tatu tulikuwa kwenye nyasi zilizotufika kifuani, tunasukuma kanga, nikanyanyua bunduki kumfuata mmoja alieruka kushoto na kwenye kona ya jicho nikaona chungwa. Nilishusha. Alikuwa shemeji yangu, ameinama anafunga kamba ya kiatu, hakujua chochote mpaka nilipomwita.