Uzito wa chembe au tungamo la chembe?

SWALI: Nimekutana na sentensi hii katika makala ya sayansi: "Uzito wa chembe ya W umekanusha nadharia ya fizikia." Rafiki yangu anashikilia kwamba ilitakiwa "tungamo". Mimi naona "uzito" unaeleweka na kila mtu. Nani yuko sahihi?

JIBU: Rafiki yako, kwa upande wa nomino. Lakini mimi kilichonisumbua zaidi ni kitenzi.

Uzito ni nguvu inayokivuta kitu chini. Mwezini hushuka hadi karibu sehemu moja ya sita, ilhali kitu ni kilekile. Kisichobadilika ndicho tungamo, neno linalotokana na "tungama", yaani kushikamana hadi kuwa bonge, kama damu inavyotungama. Nalipenda neno hili kwa sababu linatueleza kitu chenyewe, si mzigo wake. Wapo wanaoandika "masi", nao hawakosei, mradi wasiyachanganye yote mawili katika makala moja. Kivumishi cha tungamo hatuna, kwa hiyo "chembe nzito" tuiache ilivyo.

Tuje kwenye "kukanusha". Anayekanusha husema jambo si kweli, shauri likaisha. Kipimo hakina kauli nzito kiasi hicho. Mwaka 2022 watafiti wa jaribio la CDF katika maabara ya Fermilab, Marekani, walitangaza kuwa tungamo la W, chembe inayobeba nguvu dhaifu ya nyuklia, ni megaelektronivolti 80,433.5 (kizio wanachotumia wanafizikia kupimia tungamo la chembe), na kosa la kipimo ni 9.4 tu. Hesabu za Modeli Sanifu, yaani nadharia inayoeleza chembe za msingi na nguvu zake, zilikuwa zinatoa takriban 80,357. Pengo hilo halifiki hata sehemu mbili kwa elfu, lakini ni kubwa mara nyingi kuliko kosa la kipimo, na hapo ndipo uzito wa habari ulipo (hapa "uzito" umekaa mahali pake). Modeli Sanifu hulikokotoa tungamo la W kutokana na vipimo vingine, likiwemo tungamo la Higgs, chembe iliyotangazwa CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Ulaya, tarehe 4 Julai 2012. W ikizidi hesabu hiyo, huenda ipo chembe ambayo bado hatujaiona inayochangia ziada hiyo.

Huenda. Mwaka 2024 watafiti wa CMS, jaribio jingine huko CERN, walipata 80,360.2, karibu kabisa na hesabu ya nadharia. Aliyeandika "umekanusha" sasa ana sentensi isiyosimama. Angeandika "linakinzana na", sentensi yake ingekuwa kweli siku ile na leo pia, kwani vipimo viwili vinaweza kukinzana huku vikisubiri cha tatu.

"Nadharia ya fizikia" nayo ni pana mno, maana fizikia ina nadharia nyingi na W haikuzigusa zote. Mimi ningeandika: "Tungamo la chembe ya W lililopimwa Fermilab linakinzana na hesabu za Modeli Sanifu."