Kabla ya kuongeza seli, pima masi

Nilipoteza karibu mwezi mzima kwa kosa moja, na wewe unayeanza kuiga mtiririko wa gesi kwa kompyuta sitaki likupate.

Nilikuwa nyumbani Kisumu, nikiijaribu programu yangu kwa bomba la mshtuko la Sod, jaribio la mwaka wa 1978 ambalo jibu lake sahihi linajulikana. Gesi imetulia, kiwambo, yaani ukuta mwembamba, kiko katikati: kushoto densiti 1 na shinikizo 1, kulia densiti 0.125 na shinikizo 0.1. Kiwambo kinaondolewa. Bomba likiwa na urefu wa 1 na gama (uwiano wa joto mahususi wa gesi) 1.4, namba zote zikiwa bila vipimo, muda ukifika 0.2 wimbi la mshtuko linapaswa kuwa karibu na 0.85 kutoka ncha ya kushoto. Langu halikufika hapo. Nikaongeza seli, yaani vipande vidogo ambavyo programu inaligawa bomba, kutoka 100 hadi 400, kisha 1600, laptopu ikikesha. Wimbi likazidi kuwa kali, lakini pahali ni palepale pasipofaa.

Kosa lilikuwa hili: nilikuwa nikitumia milinganyo inayokokotoa kasi na shinikizo moja kwa moja. Gesi ikibadilika polepole, milinganyo hiyo haina kasoro. Kwenye mshtuko inapotoka, maana kinachohifadhiwa pale ni masi, momenta (masi mara kasi) na nishati. Mama ni mweka hazina wa chama chao sokoni Kibuye, na katika daftari lake shilingi haitoki kwa mmoja bila kuandikwa kwa mwingine. Seli nazo ni hivyo: kinachovuka ukuta kutoka hii ndicho kinachoingia kwa jirani, kiasi kilekile.

Kwa hivyo chapisha jumla ya masi kila hatua. Katika bomba hili ni 0.5625, na nishati ni 1.375, mawimbi yakiwa hayajagusa ncha, hazibadiliki. Zikisogea, simama hapo hapo utafute kosa.

Anza na mbinu ya Godunov ya 1959, inayokokotoa kinachovuka kila ukuta wa seli, hata kama inafifisha kingo. Yeye mwenyewe alithibitisha kwamba mbinu ya mstari (yenye kanuni isiyobadilika kufuata suluhisho) isiyozua mawimbi ya uongo haiwezi kupita daraja la kwanza la usahihi, ambapo kupunguza upana wa seli kwa nusu kunapunguza kosa kwa nusu tu. Vidhibiti vya mteremko, vinavyonoa kingo bila kuzua mawimbi hayo, utaviongeza baadaye. Na hatua ya muda, inayopatikana kwa kugawa upana wa seli kwa kasi, ipimwe kwa kasi ya gesi pamoja na kasi ya sauti. Mwanzoni gesi yote imetulia, kwa hivyo ukitumia kasi ya gesi peke yake utagawa kwa sifuri.

Nilipoiandika upya, seli 100 zilitosha. Mshtuko ulitua karibu na 0.85, umesambaa kwenye seli chache tu.