Kabla Hujapanga Zamu ya Idi: kwa Msimamizi Mpya wa Ukumbi wa Watoto

Mdogo wangu, umekabidhiwa ufunguo wa stoo, redio ya upepo ambayo betri yake inakufa saa 8 mchana, na majina ya vijana 9. Jana ulikuwa mwenzao, leo wakikuona wanaficha simu. Hongera. Kazi hii ya ukumbi wa michezo ya watoto nimeifanya hapa Dar es Salaam miaka 11, minne ya mwanzo nikiwa nasimama chini ya mtelezo kama wao. Sina cheti cha saikolojia. Nilichonacho ni makosa, na kubwa kuliko yote nitakusimulia sasa hivi ili tulimalize.

Ilikuwa Idi mosi. Foleni ilitoka mlangoni kwetu, ikapita duka la viatu, ikafika kwenye ngazi za umeme. Mabinti wamevaa magauni ya kumetameta, wavulana kanzu mpya ambazo muda si mrefu zilikuwa na michirizi ya juisi ya ukwaju. Niliona umati ule nikafuta mapumziko ya kila mtu. "Leo tukaze, kesho tutalala," nikawaambia, na wakacheka kwa heshima.

Saa 10 jioni nilipita upande wa wavu wa kupandia. Mtoto wa kama miaka minne alikuwa amenasa mguu, analia kwa sauti yake yote. Binti wa zamu amesimama hatua tatu tu kutoka pale, kamkodolea macho, lakini uso hauna kitu. Nikamchomoa mtoto, alikuwa na mchubuko mdogo. Nikamgeukia binti nikiwa nimeshawaka, na kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Dada, kwani alikuwa analia?"

Alikuwa wima tangu saa 3 asubuhi, masaa 7 mfululizo. Maji hakunywa, kwa sababu akinywa atataka kwenda chooni, na akienda chooni hakuna wa kumshikia nafasi. Aliyepanga hivyo ni mimi.

Toka siku ile nikisikia mtu anasema vijana wa kumbi za watoto ni wazembe, huwa nauliza kwanza wamekaa chini saa ngapi. Mtu aliyechoka haangalii pembeni wala hasinzii. Anaangalia kulekule unakotaka aangalie, ila haoni. Kwa hiyo ukienda kwa mwenye ukumbi kuomba watu wapumzike, usiende kama anayeombea wenzake huruma. Unazungumzia usalama wa mtoto wa mteja.

Na sheria iko upande wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inasema anayefanya kazi zaidi ya masaa 5 mfululizo apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Mwajiri halazimiki kulipia hiyo saa ya mapumziko, isipokuwa kama amemtaka mfanyakazi afanye kazi au awe tayari kuitwa. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Ukimwambia kijana "kale, ila usiende mbali, nitakuita," hujampa mapumziko, umemhamishia kazi jikoni. Akienda kula, redio ibaki kwa mwingine.

Sasa mzunguko. Ukumbi wetu una vituo vitano: mlangoni, kaunta ya soksi na viatu, trampolini, dimbwi la mipira, na mtelezo pamoja na wavu wa kupandia. Mwanzo nilikuwa nawabadilisha kila baada ya masaa mawili nikijiona nimefanya jambo. Haikusaidia, maana nilimtoa mtu kwenye trampolini nikampeleka kwenye mtelezo, yaani kutoka kuchosha macho hadi kuchosha macho. Vituo havilingani. Trampolini na dimbwi la mipira vinakula akili. Kwenye dimbwi mtoto anazama kwenye mipira mpaka hujui kama anajificha au amekanyagwa. Kwenye soksi mikono inachoka lakini kichwa kinapumua. Kwa hiyo mtu akitoka kwenye kituo cha macho, kinachofuata kiwe cha mikono. Siku za foleni kila kituo dakika 30, siku za kawaida 40, na anayetoka haondoki mpaka anayeingia amesimama pale na kuambiwa "huyu wa fulana ya kijani anasukuma wenzake."

Mzunguko hauendi bila mtu mmoja wa ziada. Sisi tunamwita kiraka, kama yule mchezaji anayeweza kucheza namba yoyote. Hana kituo. Anamshikia nafasi anayekwenda chooni, anayekwenda kuswali, anayepigiwa simu kwamba mwanawe ana homa. Bosi atakuambia kiraka ni hasara, mtu anatembea tembea analipwa. Mimi sikubishana naye. Nilichukua daftari la ajali la likizo ya Juni, nikapigia mstari mwekundu kila mchubuko ulioandikwa baada ya saa 9 alasiri na pembeni nikaandika aliyekuwa zamu alikula saa ngapi. Nikaliacha wazi mezani kwake. Kiraka alipatikana Julai.

Na kigoda. Kumbi nyingi mfanyakazi akikaa anaonekana mvivu. Mwokoaji wa bwawa la kuogelea anakaa kwenye kiti kirefu na hakuna anayemsema, kwa sababu kila mtu anaelewa kwamba kwa juu anaona vizuri. Tafuta stuli mbili ndefu, moja trampolini, moja kwenye dimbwi.

Nije kwa wazazi, maana hapa ndipo damu inapotoka. Katika miaka yote hii sijaona mtu ameacha kazi yetu kwa sababu ya watoto. Mtoto atakutapikia kwenye viatu, kisha atakushika mkono akuambie umefanana na shangazi yake. Anayemvunja kijana moyo ni mtu mzima. Kuna anayekuachia watoto watatu na simu iliyozimwa akaenda saluni. Kuna anayetaka wa kwake, mwenye miaka 11, aingie sehemu ya wachanga kwa sababu amelipa. Kuna na huyu wa "unajua mimi ni nani?" Kijana wangu mmoja wa miaka 22 aliitwa mbwa, mbele ya foleni, kwa sababu ya shilingi 5,000 za muda uliozidi. Alijibu "samahani mama" mara nne. Jioni nikamkuta stoo anapanga mipira ambayo haikuhitaji kupangwa.

Wafundishe sentensi moja tu ya mzazi mkali: "Shikamoo mama, naomba nimwite msimamizi." Akishasema hivyo, kazi yake imekwisha, arudi nyuma. Wewe unakuja na unasimama katikati, mwili wako kabisa uwe kati ya mzazi na kijana. Ongea taratibu. Kama kijana amekosea, kosa lake mtalizungumza baadaye mkiwa wawili. Usimgombeze mbele ya mteja ili mteja ajisikie vizuri. Nilifanya hivyo mara moja kwa dada mmoja. Mzazi aliondoka ametabasamu, na ikanichukua karibu mwaka yule dada kuniambia tena ukweli wa jambo lolote.

Mzazi akishaondoka, mpe kijana dakika 10 nyuma ya pazia. Usimwambie "mzoee, ndiyo kazi." Mwambie "nimesikia alichokuambia." Mara nyingi hiyo inatosha. Asipotaka kuongea, mwache anywe maji.

Mlangoni weka mtu mwenye sauti na mwenye ruhusa. Akisema umejaa, umejaa, hata bosi akipiga simu kwamba kuna wageni wake wanakuja. Mwaka 2008, siku ya Idi el Fitri, takriban watoto 20 walikufa Tabora kwenye disko la watoto lililojaa kupita kiasi. Kila nikikaribia Idi naikumbuka Tabora. Kumwachia kijana wa mlangoni mzigo wa kuona hatari bila kumpa uwezo wa kufunga mlango ni kumtesa. Atakwenda nyumbani anahesabu vichwa usingizini. Andika idadi ya mwisho kwa kalamu nene, ibandike mlangoni, na uiweke chini ya sahihi yako wewe, siyo yake.

Kelele. Nilipakua programu ya kupima sauti kwenye simu, siyo kipimo cha kitaalamu lakini kinatoa picha. Jumamosi alasiri, karibu na spika, ilipita desibeli 90. Kikomo cha kulinda masikio kinachotumika sehemu nyingi duniani ni 85 kwa masaa 8, na kila ikipanda kwa 3 muda salama unapungua nusu. Watoto huwezi kuwazima, lakini muziki unaweza. Tuliishusha sauti, tukahamisha spika iliyokuwa juu ya kichwa cha mtu wa soksi, na ule wimbo wa papa mdogo tukaupangia mara mbili kwa siku. Sikutegemea, lakini lililoshukuriwa kuliko yote niliyowahi kufanya, pamoja na nyongeza ya nauli, ni kuupunguza ule wimbo. Filimbi nazo zigawe, watu waache kupayuka. Kijana anayeamka Jumatatu hana sauti siyo kwamba amepata mafua.

Anayevaa sanamu la dubu: dakika 15, basi. Januari ya Dar ndani ya lile vazi ni kama umefunikwa blanketi juu ya jiko. Asiingie aliyefunga saumu, asiingie mjamzito, na mtu wa pili atembee naye kumshika mkono. Matapishi na mikojo: zamu kama zamu nyingine, na glovu ziwepo. Kwetu ilikuwa kila mara inamwangukia dada yule yule wa usafi, mpaka siku moja nilipoichukua ndoo mwenyewe.

Magonjwa nayo. Januari 2024 macho mekundu yalipoingia mjini, nilikuwa na vijana watatu wanaovaa miwani ya jua ndani ya ukumbi. Hawakuwa wanajidai. Ni deiwaka, asiyekuja halipwi, na kodi haijui kwamba una macho mekundu. Ukitaka watu waseme wanaumwa, hakikisha kusema hakuwanyimi ugali. Tulikubaliana na bosi kwamba deiwaka anayerudishwa nyumbani kwa ugonjwa wa kuambukiza alipwe nusu ya siku. Nusu siyo haki kamili, naijua, lakini miwani ilitoweka.

Nani anaishi wapi? Uliza, andika. Anayelala Chanika, kule pembezoni mwa jiji, asifunge ukumbi saa 4 usiku mara tatu kwa wiki huku yule anayelala Mwenge anatoka saa 12. Wakifunga, hesabu ya bajaji ya kuwafikisha kituoni iwe kwenye matumizi ya ukumbi kama ilivyo sabuni.

Ramadhani wanaofunga wape asubuhi, na wa jioni wafuturu wakiwa wamekaa, siyo tende moja mfukoni huku anahesabu watoto. Idi na Krismasi zinapangwa mapema kwa kubadilishana: Wakristo wanabeba Idi, Waislamu wanabeba Krismasi na Boksindei. Ni desturi nzuri na vijana wenyewe ndio walioianzisha. Ila sikukuu ya taifa ina malipo maradufu kisheria, wala kubadilishana hakuyafuti. Kaa na mhasibu kabla ya siku yenyewe.

Halafu siku moja mtoto atavunjika mkono. Baada ya mtoto kwenda hospitali na mzazi kuhudumiwa, kuna mtu wa tatu ambaye kila mtu anamsahau, yule aliyekuwa kwenye kituo. Mkalishe, mpe chai yenye sukari. Maelezo ayaandike siku hiyo hiyo, lakini baada ya chai, na wewe ukae pembeni yake bila kumwelekeza. Kesho yake usimrudishe pale pale kwa nguvu ili "asiogope," wala usimfiche stoo kama mshtakiwa. Muulize. Mmoja aliniambia anataka kurudi trampolini saa ile ile ya ajali, mimi nikiwepo. Tukasimama wote wawili nusu saa, hakuna aliyeongea.

Keki ya mfanyakazi bora wa mwezi, picha ukutani, maneno ya hamasa kwenye grupu la WhatsApp saa 5 usiku: sikukatazi, ila usidhani umefanya kitu. Saa 5 usiku mtu anataka kulala. Ratiba ya wiki itoke Alhamisi, na ukishaitoa usiiguse.

Jumamosi yako ya kwanza usikae ofisini. Saa 8 mchana mpe redio msaidizi wako, acha simu kwenye droo, kasimame kwenye dimbwi la mipira saa nzima bila kubadilishwa. Usiegemee ukuta. Kisha ingia stoo, chukua ile ratiba uliyoiandika Alhamisi, uisome ukiwa bado miguu inakuuma.