Mkopo wa Kikoba Usipitishwe kwa Kunyoosha Mikono

Msomaji ameniandikia wiki hii. Kikoba chao, kikundi cha watu 25 wanaoweka akiba na kukopeshana, kimempitishia mwenyekiti mkopo wa shilingi 1,500,000, mikono yote ikiwa juu, na wakati wa kurudi nyumbani kila mtu ananong'ona kwamba moyoni hakutaka. Anauliza kama wenzake ni wanafiki.

Hapana. Wameulizwa hadharani, mbele ya mtu ambaye mwezi ujao atakuwa mezani wakiomba mikopo yao.

Mwaka 1951 Solomon Asch, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Marekani, aliwaonyesha watu mistari na kuuliza upi unalingana kwa urefu na mwingine. Katika kila kundi mmoja tu hakujua mpango. Waliobaki walikuwa wamefundishwa kutaja jibu lisilo sahihi. Takriban theluthi ya majibu ya huyo mmoja yalifuata kosa la kundi, ingawa mstari sahihi ulionekana wazi kabisa. Alipoandika jibu lake faragha, au alipopata mwenzake mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulipungua sana. Na hao hawakuwa na deni, ujirani wala ukwe baina yao!

Kwa hiyo badilisheni utaratibu, maana kuwahimiza watu wawe jasiri hakusaidii.

Pigeni kura kwa punje. Tafuteni ndoo mbili zenye vifuniko, mtoboe tundu la kupitisha ngumi. Kila mpiga kura apewe punje moja ya mahindi (ndiyo) na haragwe moja (hapana). Aende nyuma ya pazia peke yake, atie chaguo lake kwenye ndoo ya kura na punje iliyobaki kwenye ndoo ya masalia. Mkiiruka ndoo hii ya pili, siri huvuja: mtu akitoka na haragwe kiganjani, wote wamejua alichochagua. Mwombaji hapigi kura, basi kila ndoo iwe na punje 24. Ikizidi au ikipungua hata moja, rudieni yote. Mkopo upite kwa theluthi mbili, yaani mahindi 16.

Kabla ya kura, mwombaji atoke nje na katibu asome hesabu zake: hisa, deni, marejesho yaliyochelewa. Mwenye hisa 40 za shilingi 5,000 ana akiba ya 200,000. Kama katiba yenu inaruhusu mara tatu ya akiba, ukomo wake ni 600,000. Milioni moja na nusu inadai hisa 100. Asiyefikisha, ombi lake lisifike kwenye ndoo, awe mwenyekiti au mwanachama wa jana.

Aanze kusema mwanachama mgeni, viongozi wamalizie. Mwenyekiti akitangulia kusema "mimi sina tatizo na huyu mama", mjadala umekwisha. Akiomba yeye mwenyewe, kikao kiongozwe na mtu aliyepatikana kwa kura ya bahati siku hiyo hiyo. Kwa njia hiyo hiyo mpateni mtu mmoja wa kutaja hatari za mkopo, na abadilike kila kikao. Akiwa yule yule kila wiki ataitwa mwenye roho mbaya, na kuanzia hapo hasikilizwi tena hata akisema kweli.

Angalieni na wadhamini. Asha akimdhamini Rehema, na Rehema akamdhamini Asha, hapo hakuna dhamana.

Wapo watakaolalamika kwamba hawaaminiwi. Wakumbusheni sanduku lenu: lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na hakuna aliyeona ameitwa mwizi.

Chagueni vizuri wakati wa kulileta pendekezo hili. Likiletwa siku ambayo ombi la mtu liko mezani, ataona limemlenga yeye, na ndugu zake watalipinga. Lileteni baada ya mgao wa mwisho wa mzunguko, madeni yote yakiwa yamefungwa, mliandike kwenye katiba kabla ya kununua hisa ya kwanza ya mzunguko mpya. Kuhusu mkopo wa mwenyekiti, umeshatoka. Andikeni tarehe na kiasi cha kila rejesho, na katibu asome baki la deni kwa sauti kila kikao, pamoja na madeni ya wanachama wengine wote.